Amri Ziendazo Mbali

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani wa shule yetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Munanila)



Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya maendeleo ya sayansi. Somo hilo ni pana mno, na mtu asipochagua njia moja ndani yake atapotea, na wasikilizaji wake watalala. Kwa hiyo nimechagua njia moja nyembamba: jinsi watu wanavyoandaa amri zinazopelekwa kwa vyombo vilivyo angani, na jinsi programu za kompyuta zinavyowasaidia katika kazi hiyo.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Mtumishi wa serikali, ambaye maisha yake ni mafaili na barua, ana habari gani za setilaiti? Nawaombeni subira. Kabla sijaketi nitaungama mbele yenu kosa moja nililolifanya kwa kalamu, na nadhani mtakubali kwamba mambo haya mawili hayako mbali kama yanavyoonekana.

NYOTA ITEMBEAYO

Wenzangu wa bweni mtakumbuka kwamba baada ya kujisomea usiku, karabai ilipozimwa, tulikuwa tukiiba dakika chache nje kabla kiranja hajatufukuza. Hapa Munanila tuko juu, baridi ni kali, na usiku usio na ukungu nyota huonekana kama zimeshuka mpaka kwenye vilima vya Burundi ng'ambo ya mpaka. Usiku mmoja tuliona nyota moja ikitembea. Haikuwa na mlio wala haikuwaka na kuzimika kama taa ya ndege. Ilivuka mbingu polepole kutoka upande mmoja, kisha ikafifia kabla ya kufika upande wa pili.

Asubuhi nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia. Akasema ile ni setilaiti. Nikamwuliza nani anaiendesha. Akasema, "Hakuna mtu ndani. Inafuata maagizo iliyopewa." Nikamwuliza tena: na maagizo yakikosewa? Mwalimu akacheka, akasema swali hilo nilipeleke chuo kikuu. Nililipeleka, na baada ya chuo nimeendelea kulisomea kwa kupenda tu. Leo naleta jibu, ingawa nimechelewa kidogo.

PWANI YETU

Vijana msidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali peke yake. Kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya, karibu na Ngomeni, yako majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Yaliwekwa na Waitalia katika miaka ya sitini, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ni karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi irushwayo kuelekea mashariki. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka pale iliondoka tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988.

Iliyojulikana zaidi ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, na Wamarekani walioitengeneza wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya miali hiyo.

Tangu 1988 majukwaa ya baharini yamekaa kimya, lakini kituo cha nchi kavu karibu na Malindi, chenye antena zake, kiliendelea na kazi. Setilaiti iitwayo Swift, iliyorushwa kutoka Marekani tarehe 20 Novemba 2004 ili kuchunguza milipuko mikubwa ya angani, imetegemea antena hizo. Wanaoandaa amri zake wako chuo kikuu katika jimbo la Pennsylvania. Amri zinaandikwa huko, zinafika Malindi, na kutoka Malindi zinapanda juu. Mvuvi wa Ngomeni anatandaza nyavu zake, na juu ya kichwa chake maneno yanapita kwenda kukiambia chombo kigeuke upande gani.

Na vijana wa Afrika Mashariki wenyewe wameingia katika kazi hii. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa. Tarehe 2 Desemba 2022 ikafuata ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi watatu wa nchi hiyo waliokuwa wakisoma Japani. Ni kijisanduku cha sentimeta 10 hivi kila upande. Tarehe 15 Aprili 2023 ikarushwa Taifa-1 ya Kenya. Kila mojawapo ya hizo, ndogo au kubwa, ilihitaji mtu wa kukaa mezani na kuiandikia amri.

RIMU YA LORI

Sasa, amri hizo zinafananaje? Hapana haja ya kwenda mbali. Kengele ya shule hii wakati wetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na kwa mwaka mmoja mimi nilikuwa mpiga kengele. Kila asubuhi mwalimu wa zamu alinipa karatasi: saa 1 na nusu, gonga mara 3, watu mstarini, saa 2, gonga mara 1, kipindi cha kwanza, saa 4 na nusu, gonga mara 2, mapumziko, na kuendelea hivyo mpaka jioni. Baada ya kunipa karatasi ile mwalimu aliweza kwenda Kasulu na kurudi. Shule nzima iliendeshwa na karatasi na rimu.

Hivyo ndivyo chombo cha angani kinavyoendeshwa. Wataalamu huita karatasi yao mfululizo wa amri: saa fulani, dakika fulani, sekunde fulani, fanya jambo hili, baada ya sekunde kadhaa, fanya lile. Washa kamera. Geuka nyuzi 20. Piga picha. Zima kamera. Elekeza antena duniani. Tuma.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasiamuru papo hapo, kama dereva anavyokata usukani. Jibu ni kwamba hawawezi. Setilaiti ya karibu, mfano wa Swift, huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, lakini ikipita juu ya kituo kimoja huonekana kwa dakika 10 tu au pungufu. Wakati mwingine wote iko peke yake. Vyombo vilivyopelekwa kwenye sayari ni vigumu zaidi. Neno la redio kutoka hapa hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22, kutegemea sayari hizi mbili zimekaaje, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Ukiona chombo kiko ukingoni mwa shimo, ujue kwamba kilichokuwa kitokee kimekwisha kutokea. Kwa hiyo hapana budi kila kitu kifikiriwe kabla.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya chombo hicho na mimi mpiga kengele. Kama mwalimu angekosea akaniandikia nigonge kengele ya chakula saa 8 za usiku, mimi ningejua ni kosa, nikamsubiri nimwulize. Chombo hakijui kustaajabu. Kikiandikiwa saa 8 za usiku, kitagonga saa 8 za usiku.

JINSI PROGRAMU ZINAVYOSAIDIA

Hapo ndipo programu za kuandaa amri zinapoingia. Katika maabara ya JPL, mjini Pasadena, California, iko programu iitwayo SEQGEN ambayo imetumika kwa safari nyingi, na mashirika mengine yana za kwao. Majina ni mengi, lakini kazi yake, nikiieleza kwa lugha ya kawaida, ina hatua tano.

Kwanza ni kupokea maombi. Mtaalamu wa kamera anataka picha 12, mtaalamu wa hewa anataka kipimo chake, na mtaalamu wa betri anataka muda wa kuchaji. Kila mmoja anaandika ombi lake kwa maneno anayoyazoea, wala halazimiki kujua namba ya kila swichi.

Pili ni kupanua. Ombi moja la "piga picha" huwa na amri ndogo nyingi ndani yake: pasha kamera joto, fungua kifuniko, geuza chombo, subiri kitulie, na kadhalika. Programu hutoa amri hizo zote kwa mpangilio wake na kuipa kila moja saa yake, kama mwalimu wa zamu alivyofanya kwenye karatasi yangu.

Tatu ni kukagua sheria. Kila chombo kina kitabu cha sheria zake: kamera isitazame Jua, mitambo miwili inayokula umeme mwingi isiwashwe pamoja, antena isiondolewe duniani kwa muda unaozidi kiasi fulani. Programu huupitisha mfululizo wote mbele ya sheria hizo, mmoja mmoja, bila kuchoka wala kuona haya. Ikikuta amri ya 640 inagongana na amri ya 85, inasema.

Nne ni kuigiza. Kompyuta huwa na mfano wa chombo chenyewe, yaani hesabu za betri yake, joto lake na nafasi ya kuhifadhi habari zake. Amri hupitishwa kwanza kwenye mfano huo. Ikiwa betri ya mfano inakwisha usiku wa manane, afadhali ife pale mezani kuliko angani.

Tano ni kuzigeuza amri ziwe tarakimu za 0 na 1 ambazo chombo huzielewa, pamoja na tarakimu za uhakiki zinazokiwezesha chombo kutambua kama ujumbe umeharibika njiani. Baada ya hapo watu husoma tena, huulizana, na mwenye dhamana hutoa idhini. Ndipo antena inapoachia ujumbe wake.

Nitatoa mfano mmoja. Mwezi Januari 2004 magari mawili, Spirit na Opportunity, yalitua Mirihi. Siku ya Mirihi ni ya saa 24 na dakika 39, na kila siku wanasayansi walitaka mambo mengi kuliko umeme na muda uliokuwapo. Wakatumia programu iitwayo MAPGEN. Programu ile ilikusanya maombi yote, ikapendekeza mpango usiovunja sheria, na mtu alipovuta kazi moja kuisogeza mbele au nyuma, ikamwonyesha kilichogongana. Lakini uamuzi wa lipi lifanywe na lipi liachwe ulibaki kwa watu, kwa sababu kompyuta haikujua ni jiwe lipi lenye faida zaidi kwa elimu. Kazi ya kompyuta ilikuwa kuhakikisha kwamba uchaguzi wa watu hauliui gari.

MAKOSA YALIYOGHARIMU

Sasa ndugu zangu nije kwenye swali la yule kijana wa bweni: na maagizo yakikosewa?

Mwezi Julai 1988 Urusi ya Kisovieti ilirusha chombo kilichoitwa Phobos 1 kwenda Mirihi. Mwishoni mwa Agosti kilipelekewa mfululizo wa amri wenye kosa la herufi moja. Kwa bahati mbaya, ndani ya kompyuta ya chombo ilikuwamo programu ya majaribio ya kiwandani, ambayo haikuondolewa kwa sababu muda wa kurusha ulikuwa umekaribia, na kuiondoa kungetaka kompyuta nzima ibadilishwe. Watu walisema iachwe tu, maana haitatumika kamwe. Herufi ile moja ikaiamsha. Mitambo ya kukielekeza chombo ikazimwa, mabawa ya umeme yakaliacha Jua, betri zikaisha. Tarehe 2 Septemba walipokiita hakikuitika, wala hakikuitika tena.

Wamarekani nao yamewakuta. Chombo chao cha Viking 1 kilitua Mirihi tarehe 20 Julai 1976, kikafanya kazi zaidi ya miaka 6. Novemba 1982 kilipelekewa amri za kuboresha uchaji wa betri zake. Amri zile zikaandikwa juu ya mahali palipohifadhiwa habari za kuelekeza antena. Chombo kikageuza uso, na mazungumzo yakaisha. Angalieni kwamba aliyeandika amri zile alikuwa akikisaidia. Nia njema haikutosha.

Wala programu yenyewe si malaika. Tarehe 23 Septemba 1999 kilipotea chombo kingine kilipofika Mirihi, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ya huku duniani ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na waliozipokea wakazisoma kama vipimo vya metriki. Kompyuta zote mbili zilihesabu sawasawa. Hakuna aliyekuwa ameiagiza hata moja ikague kipimo cha mwenzake.

Lakini liko tukio la Julai 2023 ambalo linanipa moyo. Voyager 2 iliondoka duniani tarehe 20 Agosti 1977. Kufikia 2023 ilikuwa umbali wa zaidi ya kilometa bilioni 19.9, ambako redio huchukua saa 18 na nusu kufika. Tarehe 21 Julai ilipelekewa amri zilizoigeuza antena yake nyuzi 2 tu pembeni. Nyuzi 2 kwa umbali huo ni kutokusikika kabisa. Wahandisi wakatuma amri ya kuirudisha kwa nguvu kubwa kutoka antena ya Canberra, Australia, kisha wakakaa saa 37 kusubiri. Tarehe 4 Agosti ikaitika. Na hata kama isingewasikia, walioitengeneza walikuwa wameiwekea amri ya kujielekeza upya duniani mara kadhaa kwa mwaka, na mara iliyofuata ilikuwa katikati ya Oktoba. Walijua, miaka mingi kabla, kwamba siku moja mtu fulani atakosea. Hawakumjua jina, lakini walimwachia mlango wazi.

BARUA YANGU

Ndugu Mwenyekiti, nimefika kwenye ungamo langu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ofisi moja ya serikali mbali na mkoa huu, niliagizwa kuwaandikia watendaji wa vijiji juu ya siku ya kugawa mbegu za mahindi. Nilikuwa na kazi nyingi mezani. Nikachukua barua ya mwaka uliotangulia, nikabadili tarehe, nikaacha jina la siku kama lilivyokuwa. Barua ikatoka ikisema: Jumatatu, tarehe 18. Mwezi ule tarehe 18 ilikuwa Alhamisi. Niliisoma mara mbili kabla ya kuipeleka kutiwa saini, na mara zote mbili macho yangu yaliona kile nilichokuwa nimekusudia kuandika.

Vijiji vilivyofuata tarehe vilipata mbegu. Vijiji vilivyofuata jina la siku vilifika siku tatu kabla, vikakuta ghala limefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Wengi walitoka mbali kwa miguu. Wengine walirudi, wengine wakalala barazani, na mvua ilinyesha. Waliorudi hawakuweza kuja tena wiki ile. Mbegu zilipowafikia, mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kupita, wakapanda wamechelewa, na msimu ule mavuno yao yalikuwa haba.

Nilipopata habari nilikwenda mwenyewe. Mzee mmoja aliitoa barua yangu mfukoni, imekunjwa mara nne na kulowa, akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa siku na tarehe. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwanangu, wewe uliiandika umekaa. Sisi tumeisoma kwa miguu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimwomba radhi, akaipokea, lakini radhi haioti shambani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Nilipokuwa nikirudi nilikumbuka yale niliyokuwa nimesoma juu ya vyombo vya angani, ambayo mpaka siku ile niliyaona kama hadithi nzuri tu. Mtendaji wa kijiji kilichoko mwisho wa barabara hana jinsi ya kuniuliza. Simu haishiki, au hathubutu kumwuliza mkubwa. Anafanya nilivyoandika. Nilikuwa nimetuma amri mahali nisipofika, bila kuikagua, kwa mtu asiyeweza kuniuliza. Na kosa lenyewe, jina la siku kutolingana na tarehe, ni la namna ile ile ambayo programu za amri hulikamata mara moja.

Tukaanza na karatasi. Niliandika orodha ya maswali: siku na tarehe zinalingana? Mahali pametajwa? Mwenye ufunguo amearifiwa? Nani aulizwe likitokea tatizo? Nikaweka sheria kwamba barua yoyote inayowaamuru watu kutoka nyumbani kwao isomwe kwa sauti na mtu ambaye hakuiandika. Baadaye kijana mmoja wa ofisini, fundi wa kompyuta, akatengeneza programu ndogo iliyokagua tarehe, majina ya vijiji na hesabu za magunia. Ilitusaidia sana.

Lakini siku moja programu ile iliipitisha barua, kila kitu sawa, na mhudumu wa ofisi aliyekuwa akiibandika mihuri akasema taratibu, "Mzee, siku hiyo ni ya gulio huko. Hamtamkuta mtu." Alikuwa amezaliwa upande ule. Kompyuta haikujua habari za gulio kwa sababu hakuna aliyeiambia. Tukabadili siku, kisha tukaingiza siku za magulio katika orodha ya sheria.

Nadhani hata vitabu vya sheria vya wanaanga hukua kwa njia hiyo. Kompyuta hukagua kile ilichoambiwa ikague. Aliyeiambia ni mtu, na mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuumia, au aliyemsikiliza aliyeumia. Kwa hiyo programu nzuri haimwondolei mtu wajibu wake. Inahifadhi yale ambayo waliomtangulia walijifunza kwa hasara, ili asirudie hasara hiyo hiyo.

MANENO KWA VIJANA, NA KWA WENZANGU

Vijana, wengi wenu mtakuwa watu wa kuandika amri. Daktari akiandika dozi ameandika amri, na atakayeifuata ni mama aliye nyumbani usiku bila daktari. Mwalimu akiandika mtihani, bwana shamba akiandika kipimo cha dawa ya kahawa, wote wanatuma maneno mahali wasipofika. Na ipo siku, sioni kwa nini isiwepo, mmoja wenu atakaa mbele ya kompyuta na kuiandikia setilaiti. Nataka siku hiyo awe amekwisha kuzoea, kwamba hakuna amri inayotoka mkononi mwake kabla hajajiuliza: atakayeipokea akiifuata neno kwa neno, bila kuniuliza, nini kitatokea?

Msione haya kukaguliwa. Hapa shuleni tulikuwa tukificha daftari ili mwenzetu asione kosa. Huko kwenye vituo vya setilaiti mtu anayekataa kazi yake isomwe na mwenzake hafai kukaa mezani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi naongeza: heri kuchekwa na rafiki mmoja mezani kuliko kulaumiwa na kijiji barazani.

Ninawaachia zoezi. Kila mmoja aandike amri za kumtoa mgeni langoni mpaka mlangoni kwa Mkuu wa Shule, kwa hatua na idadi ya nyayo, kisha ampe mwenzake afuate akiwa amefungwa kitambaa machoni, bila kuuliza neno. Andikeni mahali alipogonga ukuta. Kila ukuta uliogongwa ugeuzeni sheria, muanze upya. Mkifika mara ya tano mtakuwa mmejifunza kazi hii kuliko nilivyoweza kuwaeleza kwa saa nzima. Na kwa hilo hamhitaji kompyuta, mnahitaji kitambaa tu.

Wenzangu wa zamani, kompyuta nazo zinahitajika. Najua mkutano huu unajadili jinsi ya kutumia mchango wetu, na wako wanaopendelea lango jipya lenye majina yetu. Mimi naomba fedha ziende kwenye chumba cha kompyuta, na meza zake zipangwe mbili mbili, ili kila aandikaye awe na msomaji pembeni yake. Lango la zamani linafunguka vizuri; nimelipita leo asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, maneno haya niliyaandika jana nyumbani, na kabla ya kuja nilimpa mke wangu ayasome. Akakuta makosa matatu. Moja lilikuwa tarehe ya mkutano huu wenyewe.